Lumbesa

Mizani ya stoo yangu ya viazi, hapa Uyole,
imezoea magunia, si begi la mgongoni.
Jioni nililitundika begi kwenye ndoano yake;
mshale ukatikisika, ukatulia: kumi na nne.

Koti la mvua. Sweta mbili,
maana Kitulo mwezi wa sita nyasi huamka na sakitu.
Pampu. Mipira miwili ya ndani. Gundi, msasa, viraka.
Maparachichi manne yaliyoanza kulainika.
Chapati kumi za Subilaga, kazifunga kwenye gazeti,
"za njiani," kasema, kana kwamba nahamia Zambia.
Sufuria dogo. La nini, sijui.

Nina miaka hamsini na moja.
Daktari kule Rufaa alitaja sukari, akasema tembea.
Nikanunua baiskeli: ya gia, ya mtumba, ya kijani,
matairi yana meno kama pawatila.
Mke wangu aliitazama siku nzima bila neno,
kisha akakata godoro la zamani
akashonea sponji ndani ya kaptula yangu.
Hiyo ndiyo ruhusa niliyopata.

Jumamosi ya kwanza nilifika Igawilo, nikatapika.
Ya pili sikutoka, ilinyesha. Nasema ilinyesha.
Ya tano, Isyonje:
nimekaa kwenye majani, mapaja yanatetemeka yenyewe
kama ya mbuzi aliyezaliwa sasa hivi,
na watoto wa shule ya msingi wananipita mbio,
wananipa shikamoo bila kuhema.

Kesho ni Makete. Kilomita tisini na ushei,
na nyingi zinapanda.

Aliyenifungia breki ni Osea.
Ana kibanda sasa, jirani na stendi,
ana mashine ya upepo na kijana wa kumshikia spana.
Zamani alikuwa miguu yangu.
Alishusha viazi vyangu kutoka Kikondo
kwa baiskeli isiyo na gia, isiyo na breki,
magunia mawili yamevimba, yameshonewa kilemba juu.
Breki ilikuwa kisigino,
katambuga ikinuka moshi kila kona,
na mimi huku chini nimesimama na daftari.
Gunia niliandika moja. Lilikuwa moja na nusu.
Ndivyo biashara inavyokwenda, tulisema.
Yaani, nilisema mimi.

Leo jioni alikuja kukaza spoku ya mwisho.
Akalisukuma begi kwa ncha ya spana, halikusogea.
"Bosi," akasema, "hii lumbesa."
Hakucheka.
Nilicheka mimi, peke yangu, kwa muda.

Sasa ni saa sita usiku, napunguza.
Sufuria. Sweta moja. Redio.
Biblia nimeitoa, nikairudisha, nikaitoa tena,
nikanakili zaburi moja nyuma ya risiti ya mbolea.
Chapati zimebaki sita; nne nimezila hapa hapa,
nimesimama, sukari inisamehe.
Mshale: tisa.
Mshale: saba na robo.

Nilitaka kumuuliza, kwa gunia nilikulipa ngapi?
Swali lilikuwa mdomoni wakati anajaza upepo,
akiminya tairi kwa dole gumba
kama mtu anayechagua parachichi.
Badala yake nikauliza habari ya gia.
"Weka nyepesi mapema," akasema,
"usisubiri mlima ukwambie.
Na siku ya kurudi, ukiuacha Kikondo,
kuna kona yenye mkaratusi uliopasuka.
Breki ya nyuma kwanza. Ya mbele usiiguse.
Ile kona naijua."
Akavua kiatu cha kulia, akanionyesha,
akavaa, akafunga kamba taratibu.

Daftari la miaka ile lipo bado, rafu ya juu,
nyuma ya makopo ya dawa ya ukungu wa viazi.
Nimelishusha. Nimelitundika nalo, kwa kamba ya katani.
Mshale haukusogea.

Subilaga anaita kutoka jikoni,
anauliza kama kaptula imekauka.